Timu Inabugiaje Mabao na Haijala Kitu?

SWALI: Mwalimu, nina shida na hawa watangazaji wa mpira. Juzi nilikuwa kwa kinyozi, redio iko juu, nikasikia ati timu yangu "imebugia mabao matatu", nikapiga makofi nikijua tumeshinda, kumbe tumechapwa! Kinyozi akacheka mpaka mashine ikateleza, sasa nina mtaro kichwani. Si kubugia ni kula kwa pupa? Na anayekula si ndiye anashiba?
Msomaji, Kayole

JIBU: Pole kwa huo mtaro, nywele zitaota. Maana uko nayo, ila umeiachia njiani. Simama stejini jioni umwangalie makanga na njugu zake za kwa karatasi, haokoti moja moja, anazimwaga zote kwa kiganja, kichwa nyuma, pap! Mashavu yamefura na bado anaita abiria. Huko ndiko kubugia, vitu vingi kwa mpigo, kutafuna baadaye. Neno lenyewe halisemi kama ni tamu, ndiyo maana hata unga mkavu hubugiwa, na ukikupalia utajua.

Sasa goli nalo ni mdomo, tena haufungwi. Kumbuka AFCON 2019 kule Cairo, Harambee Stars yetu ya Kenya na Senegal. Kipa wetu Matasi alipangua penalti ya Mané wa Senegal, tukaenda mapumziko 0-0 tukijipiga kifua, halafu kipindi cha pili kwa kama dakika 15 hivi tukabugia matatu, Sarr moja, Mané mawili. Hapo neno limekaa vizuri kabisa. Wapo wanaosema "kubugia bao moja", hiyo mimi hainiingii, njugu moja hubugii.

Na utasikia pia barabara "imebugia mamilioni", na barabara yenyewe hainoni, mashimo ni yale yale. Kuna mtu amenona mahali, lakini huyo watu husema amekula, wala hawasemi amebugia.

Halafu usichanganye na kufakamia. Kufakamia kuna papara, mtu anavamia ugali moto kama anafukuzwa, au anavamia jambo kabla hajasikia mwisho wake. Wewe pale kwa kinyozi hukubugia chochote ndugu yangu, ulifakamia shangwe.