Wimbo Mmoja, Masikio ya Walinzi Wawili

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: ukimpendekezea rafiki kitu kimoja cha kusikiliza, kimoja cha kutazama na kimoja cha kusoma, pamoja na kifaa cha kuvifurahia, utachagua nini? Mmesema safari hii mnapokea majibu marefu. Nami usiku wangu ni mrefu, basi tutafaana.

Mimi ni mlinzi wa ghala kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Nianze na kifaa, maana mengine yote yametokana nacho. Ni iafoni ya waya, ile ya kuvaa masikioni, ya shilingi elfu tatu, iliyokatwa upande wa kulia.

Sikuikata kwa kupenda. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa navaa pande zote mbili na kushusha kofia ya sufi juu yake, najiona mjanja. Usiku mmoja msimamizi wa doria akaja na pikipiki, akapiga honi, akaita, akagonga geti kwa jiwe. Mimi niko ndani ya kibanda naitikia kiitikio. Alipopata njia ya kuingia alinikuta nimefumba macho, mkono unapiga tumba kwenye paja. Asubuhi yake nikapewa barua ya onyo, na siwezi kusema nilionewa. Jioni nikachukua mkasi. Tangu siku hiyo sikio langu moja ni mali ya mwajiri, na moja ni langu mwenyewe.

Vijana wa zamu ya mchana wananicheka. Wao wana zile zisizo na waya, ndogo kama punje za mahindi, zinazolala kwenye kiboksi chake. Ni nzuri, sikatai, nimezijaribu. Lakini chaji yake inakata usiku bado mbichi, na siku moja niliangusha punje kwenye majani nikaitafuta kwa tochi hadi nikasahau kwamba kazi yangu ni kulinda ghala. Halafu kuna jambo la redio. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa iafoni kama antena. Ukiuchomoa tu, simu inakwambia uuchomeke. Kwa hiyo waya wangu unafanya kazi mbili, na nikiuning'iniza kwenye msumari wa dirisha la kibanda redio inakamata safi kabisa.

Ugonjwa wake ni mmoja tu: hukatikia karibu na pini, pale unapokunjwa kila siku. Kabla hujaanza kuutumia, chukua kipande cha mrija wa kalamu ya wino, upasue, uvishe pale shingoni kisha uzungushie nailoni. Ya kwangu inakwenda mwaka wa tatu.

Sasa nije kwenye muziki, na hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Geti la nyuma analo mzee mwenzangu, mtu wa Kilosa, amenizidi miaka kama kumi na tano. Yeye sikio la kushoto halisikii vizuri tangu utotoni, kwa hiyo huvaa iafoni kulia tu. Siku moja nikampa memori kadi yenye wimbo wa Kikongo wa miaka ya 80, nikamwambia, "Mzee, usiku wa leo sikiliza gitaa la humu. Kuanzia dakika ya nne usifanye kitu kingine chochote." Kesho yake nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mdogo wangu, gitaa gani? Humu mna tarumbeta na tumba."

"Tarumbeta? Mzee, labda ulisinzia."

Nisingesema hivyo. Kumwambia mlinzi kwamba alisinzia ni kumtukana. Tukanuniana usiku tatu. Nikauchezesha tena wimbo ule, nikasikiliza toka mwanzo hadi mwisho: magitaa mawili yanasemezana kama mashoga wawili kisimani, na tarumbeta ziko mbali huko, kama za harusi ya mtaa wa pili. Nikaapa kwamba mzee amezeeka.

Usiku wa nne tulikutana saa kumi alfajiri kwenye chai. Iafoni yake ilikuwa imekufa, akaniomba yangu. Nikampa. Akaichomeka kwenye simu yake, akaiweka sikio lake lile lile la kulia, wimbo ule ule. Akasimama na kikombe mkononi.

"Huu ni wimbo mwingine," akasema.

Kumbe iafoni yangu imebaki na upande wa kushoto peke yake, na yeye siku zote alikuwa akisikia upande wa kulia. Wimbo uliorekodiwa kwa stereo una njia mbili, na mafundi wa studio huzigawa: gitaa hili wanalipeleka kushoto, tarumbeta kulia, sauti ya mwimbaji wanaiacha katikati ili isikike pande zote. Ukiwa na masikio mawili unajiona umesimama mbele ya bendi. Ukiwa na moja, umesimama mlangoni na nusu ya bendi imezibwa na ukuta. Miezi yote ile tulikuwa tunapeana nyimbo, kila mmoja anampa mwenzake nusu asiyoijua. Nimejiuliza ni watu wangapi wamegombana kwa namna hiyo juu ya filamu au kitabu, kila mmoja akidhani mwenzake amelala.

Dawa ipo, na ni ya bure. Simu nyingi za kisasa, ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, zina swichi ya sauti ya mono. Ukiiwasha, njia zote mbili zinachanganywa, na kila upande unapata wimbo mzima. Swichi hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama mzee wangu wenye sikio moja linalosikia, lakini na sisi wenye barua za onyo tunafaidi. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilirudia kadi yote, wimbo kwa wimbo, kama mtu aliyehamia upya nyumba yake mwenyewe.

Lakini pia niligundua kwamba ziko nyimbo ambazo hazikubadilika hata kidogo. Ni zile za dansi letu la zamani, zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja. Nyingi nilizonazo ni mono tangu kuzaliwa kwake. Hazina kushoto wala kulia, sikio moja linazimaliza. Na studio zile zilikuwa barabara hii hii ninayokesha. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha kiasi hiki.

Basi pendekezo langu la kusikiliza ni DDC Mlimani Park Orchestra, Sikinde, ya miaka yake ya mwanzo. Bendi iliundwa mwaka 1978, na ilikuwa na Michael Enoch, ambaye wanamuziki wenyewe walimwita Ticha, na waimbaji kama Muhiddin Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule. Gurumo tayari alikuwa na jina tangu NUTA Jazz, bendi ya miaka ya 60. Usimpe rafiki yako nyimbo themanini kwenye kadi. Watu wakipewa nyimbo themanini wanasikiliza mbili, tena nusu nusu. Mpe moja, umwambie mahali pa kutega sikio. Katika nyimbo zile mwanzo ni wa taratibu, hadithi inasimuliwa: mtu ameachwa, mtu ameandikiwa barua, mtu anaonywa na mzazi. Halafu mashairi yanakwisha na wimbo unapanda, ndiyo chemko, magitaa yanabanana na tarumbeta zinaingia kama watu waliochelewa shughuli. Kwa mlinzi, chemko la saa tisa usiku ni bora kuliko kahawa. Najua vijana watasema zilipendwa ni muziki wa wazee. Mimi nina miaka thelathini na nane, na bado napanda daladala kwa kukimbia.

Neno moja kuhusu sauti, maana sikio moja linadanganya. Ukisikiliza kwa moja, wimbo unaonekana umepungua, na kidole kinakwenda chenyewe kuongeza. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima kiwango salama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mimi nipo lindo saa 72. Kwa hiyo nasikiliza sauti ya chini, kiasi kwamba nikimsikia paka anapita juu ya bati najua niko sawa, na saa sita usiku nabadilisha: sikio la kushoto linakwenda kazini, la kulia linakuja kustarehe. Na kuna saa nzima, kati ya saa nane na saa tisa, ambayo sisikilizi kitu. Wezi nao wana ratiba yao.

Cha kutazama. Hapa mtanicheka, kwa sababu pendekezo langu la filamu ni la kutotazama.

Mwanga wa simu gizani ni adui wa mlinzi. Macho yanahitaji nusu saa hivi kuzoea giza sawasawa, na ukitazama kioo cha simu kwa dakika moja umeirudisha kazi yote nyuma. Lakini mimi nimekulia kwenye vibanda vya video vya Temeke, na filamu nazipenda. Siku moja niliweka filamu ya Kihindi iliyosimuliwa kwa Kiswahili, nikageuza simu kifudifudi, nikaacha isemeshe sikio tu. Nikakuta sijapoteza kitu. Msimuliaji ananiambia nani ameingia, amevaa nini, kwa nini mama analia, na yule mwenye masharubu tumuogope. Anawagawia wahusika majina ya mtaani, anamgombeza shujaa akikawia kupiga.

Ufundi huo kwetu wengi waliujua kupitia Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeweka sauti yake juu ya kanda za video za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani. Kenya wana DJ Afro, na Waganda wana wale wanaowaita VJ. Wasomi wengine huwabeza kwamba hawatafsiri, wanatunga. Ni kweli wanatunga. Nimewahi kusikia filamu ile ile kwa wasimuliaji wawili, kwa mmoja yule mzee alikuwa baba, kwa mwingine alikuwa mjomba. Lakini bibi zetu nao walipotusimulia sungura na fisi hatukuwadai nakala halisi. Kwa hiyo kwa rafiki yangu nasema: chukua filamu ya Kihindi ya saa tatu, iliyosimuliwa, uisikilize gizani kwanza. Kisha siku ya mapumziko uitazame kwa macho. Utashangaa jinsi kichwa chako kilivyokuwa kimejenga nyumba kubwa kuliko ile ya kwenye picha.

Kimebaki kitabu, na hiki nakipendekeza nikiwa na aibu kidogo.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Katika vitabu vyao vya fasihi kuna Takadini, cha Ben Hanson, kinachohusu mtoto aliyezaliwa na ualbino katika jamii ambayo mila yake haimruhusu aishi, na mama yake anayetoroka naye. Binti alikuwa anasoma kwa sauti ili aingie vizuri, nikamwambia, "Mama, hebu jirekodi kwenye simu, na baba yako apate kusoma." Akakubali kwa sharti la vocha.

Sasa nina sura zake kwenye kadi, katikati ya Sikinde na filamu za Kihindi. Anasoma mbio mbio penye maelezo, anapunguza mwendo penye maneno ya watu, na mwanamke mmoja katika hadithi amempa sauti ya shangazi yake, dada yangu, ambaye natumaini hasomi gazeti hili. Sura moja inakatwa na mama yake anayemwita akatoe vyombo nje. "Abee mama, nakuja!" halafu kimya, halafu mlango, halafu jogoo wa jirani, halafu anarudi na kuanza katikati ya sentensi. Nimeisikiliza sura hiyo mara nyingi kuliko nyingine. Mzee wa geti la nyuma naye ameiomba, nikamnakilia. Naye sasa akinikuta asubuhi haulizi habari za lindo, anauliza, "Yule mama amefika wapi na mtoto wake?"

Aibu yenyewe ni kwamba simu ya binti ilijaa kabla hajafika mwisho, na kitabu kilikuwa cha shule, kimesharudishwa. Kwa hiyo nampendekezea rafiki yangu kitabu ambacho sijakimaliza. Mwezi ujao nikipata nafasi nitakwenda kukitafuta dukani. Hadi hapo, Mhariri, kama kuna msomaji mwingine ameleta jibu linaloeleza mwisho wa Takadini, nakuomba ulichapishe wiki inayofuata.