Sayari zikikaribiana jioni: maswali yenu kuhusu picha

Swali: Zuhura na Mshtarii zilipokaribiana nilisubiri giza liingie kabisa ndipo nikapiga, kwa lenzi ya milimita 50. Nimepata madoa mawili meupe yaliyovimba, na kwingine kote ni weusi mtupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Umechelewa. Giza totoro ni la nyota hafifu. Zuhura inaonekana hata kabla jua halijamaliza kuzama, ukijua pa kutazama, kwa hiyo ugumu hauko kwenye sayari bali kwenye anga inayoizunguka: unataka iwe na buluu iliyokolea na wekundu kidogo chini, huku miti au majengo yakionekana kama vivuli. Hali hiyo hupatikana takriban dakika 20 hadi 45 baada ya machweo. Karibu na ikweta jua huzama wima na giza huja mbio, basi tripodi iwe imesimama tayari jua likizama.

Anza na ISO 400 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/4 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na robo sekunde. Anga inavyozidi kufifia, ongeza muda tu: nusu sekunde, sekunde 1, sekunde 2. ISO iache ilipo. Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwa sababu rangi za magharibi hazitabiriki na kamera ikiachiwa yenyewe huzififisha mara nyingi.

Kuhusu kuvimba, kuna sababu mbili: mwanga mwingi mno na mwendo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo ukiacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) wazi kwa muda mrefu sayari inageuka kijistari. Kanuni inayotajwa sana ni kugawa 500 kwa urefu wa fokasi (ile namba ya milimita ya lenzi), yaani sekunde 10 kwa lenzi yako. Kwetu sisi hiyo ni ukarimu kupita kiasi. Gawa 200: sekunde 4 kwa milimita 50, sekunde 1 kwa milimita 200. Kama sensa ya kamera yako, yaani bamba linalonasa mwanga, ni ile ndogo (APS-C), gawa tena jibu kwa 1.5.

Swali: Lenzi inakwenda mbele na kurudi bila kutulia, na picha zote zina ukungu.

Jibu: Zima fokasi ya kujiendesha. Doa dogo kwenye anga tupu halina mistari ambayo kamera ingeishika. Tazama kupitia skrini ya nyuma, kuza mara 10 juu ya Zuhura, kisha zungusha pete polepole hadi doa liwe dogo kabisa. Likianza kuvimba tena umepita, rudi. Usiamini alama ya ukomo iliyochorwa kwenye lenzi, kwani pete za lenzi nyingi huzunguka hadi kupita hapo. Ukishapata, bandika kipande cha utepe ili pete isisogee. Kwa lenzi ya zumu, rudia kazi hii kila unapobadilisha urefu.

Zima pia kitulizo cha mtikisiko ukiwa kwenye tripodi, na tumia taimeri ya sekunde 2. Kidole kinachobonyeza shata kinatosha kuharibu picha ya sekunde 1.

Swali: Nitumie lenzi gani? Natamani pete za Zohali zionekane.

Jibu: Pima kwanza nafasi iliyopo kati ya sayari. Nyoosha mkono: upana wa kidole cha mwisho ni kama digrii 1, ngumi ni kama 10. Kwenye sensa kubwa (full frame), milimita 50 huchukua digrii 40 kwa 27 za anga, na milimita 200 huchukua 10 kwa 7. Zikiwa mbali kwa ngumi moja, milimita 50 inafaa na inakuachia mandhari. Tarehe 1 Machi 2023 Zuhura na Mshtarii zilitengana kwa takriban nusu digrii, upana wa Mwezi mpevu. Hapo milimita 200 ilipendeza. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilikuwa karibu kabisa, sehemu moja ya kumi ya digrii, na kwa lenzi fupi zilionekana kama doa moja.

Pete za Zohali zisahau bila darubini. Kwa milimita 200, Zohali pamoja na pete zake inachukua pikseli kumi hivi. Faraja ni kwamba miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, inapatikana: milimita 300, f/5.6, ISO 1600, nusu sekunde hadi sekunde 1. Mshtarii wenyewe utaungua uwe mweupe. Hilo halikwepeki katika picha moja.

Swali: Simu inatosha?

Jibu: Ndiyo, ikiegemezwa pasipotikisika. Shikilia kidole juu ya sayari kwenye skrini hadi fokasi ijifunge, teremsha mwangaza, weka taimeri ya sekunde 3. Usivute zumu ya kidijitali. Utakata picha baadaye.

Swali: Picha yangu ina sayari ya tatu ambayo kwa macho haikuwepo!

Jibu: Yaelekea ni mzimu wa mwanga. Mwanga wa Zuhura hugonga sensa, ukarudi hadi kwenye kioo bapa cha filta iliyofungwa mbele ya lenzi, kisha ukaakisiwa tena ndani. Chora mstari kutoka Zuhura kupita katikati ya picha: mzimu utakuwa upande wa pili, umbali uleule. Sogeza kamera kidogo nao utahamia upande wa kinyume, jambo ambalo sayari haifanyi. Vua filta, piga upya.