Rivyu za vifaa vya baiskeli, tumwamini nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nataka kununua tairi mpya na helmeti, nimesoma rivyu mpaka macho yanauma, na karibu kila kitu kimepewa nyota nne na nusu. Halafu tairi hilohilo mmoja anasema linakwenda laini kama siagi, mwingine anasema zito na linachosha. Sasa nimshike nani?
– Mpenda masafa marefu

JIBU: Pole sana ndugu yangu, una haki ya kuchoka. Mi nikisoma rivyu yoyote naanza na swali moja, huyu mtu kakitumia hiki kifaa muda gani na wapi? Nyingi zinaandikwa kifaa kikiwa kimetoka tu kiwandani, na kikiwa kipya karibu kila kitu ni kizuri, cheni inapita laini, breki hazilii, gololi za habu (kitovu cha gurudumu) zina grisi safi. Kazi inaanza baada ya mvua na tope na vumbi la miezi, na hapo mwandishi wetu keshahamia kifaa kingine. Hiyo ni taarifa ya bidhaa mpya tu, wasituambie ni rivyu.

Kwenye tairi, hao wawili wote wanaweza kuwa wakweli. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 95 hawawezi kulisikia tairi moja sawasawa, hasa kama kila mmoja kajaza presha yake. Ndo maana rivyu isiyotaja presha, upana wa tairi na uzito wa mwendeshaji mi naiacha. Zile namba za wati unazoona, yaani nguvu inayopotea tairi likizunguka, zinapimwa kwa kuzungusha tairi juu ya ngoma ya chuma, mzigo uleule na spidi ileile, na kwa kulinganisha tairi na tairi hicho ni kipimo kizuri sana. Ila kama ngoma ni laini, ukiongeza presha tairi linaonekana jepesi zaidi na zaidi, wakati barabara ya kokoto presha ikizidi baiskeli inarukaruka na nguvu zako zinapotelea kwenye kutikisika. Kwa hiyo soma namba, halafu tafuta mtu anayepita njia kama zako.

Helmeti ni habari nyingine kabisa. Mwandishi anaweza kukwambia inakaa vizuri kichwani, inapitisha hewa, mikanda haikati kidevu, lakini usalama hauwezi kuusikia kwa kuvaa! Mtu akiandika “nimejisikia salama” hajakupa kitu. Hapo unataka maabara. Kule Marekani chuo cha Virginia Tech kinatoa nyota za helmeti za baiskeli tangu 2018, wanazigonga sehemu 6 kwa spidi mbili na kupima pia jinsi kichwa kinavyozungushwa na pigo. Angalia vizuri, nyota zikiwa nyingi ndo bora, ila ile alama ya namba iliyo pembeni ikiwa ndogo ndo helmeti bora, watu wengi wanasoma kinyume. Viwango vya usalama kama EN 1078 cha helmeti cha Ulaya vyenyewe ni kufaulu au kufeli tu, havikwambii ipi imezidi ipi.

Halafu nani kanunua? Mashirika ya kupima bidhaa kama Consumer Reports la Marekani, lililoanza 1936, na Stiftung Warentest la Ujerumani la 1964, wananunua vitu madukani kama wewe na mimi, ili kiwanda kisiwachagulie kile kilichotengenezwa vizuri zaidi. Kupewa bure sio lazima mtu adanganye, ila aseme, tena aseme juu kabisa sio mwishoni.

SWALI: Je, maoni ya wanunuzi wa kawaida yana maana yoyote au nisiyasome?
– Msomaji

JIBU: Yasome, ila ruka nyota tano na nyota moja uende za katikati, hao ndo wanaoeleza. Tafuta ubovu uleule ukitajwa na watu tofauti, kwa mfano kifungo kilekile cha kiatu kinakatika, au betri ya taa haichaji tena. Malalamiko kama “cheni imeisha haraka” peke yake hayatoshi, cheni inapimwa. Kwa baiskeli za gia 11 au 12 nyuma, ikirefuka asilimia 0.5 ni ya kubadilisha, sasa kama mtu hakupima, hakusema anaisafisha vipi wala anatumia mafuta gani, huwezi kujua kosa ni la cheni au la matunzo.