Kwa madogo wa bendi na kwaya wanaotaka kuanza theremini

Naona wengi wenu hapa Mwanza mmeanza kuulizia theremini, ile ala ya antena mbili unayoipiga bila kuigusa, na kila anayekuja swali la kwanza ni bei. Bei weka pembeni kwanza. Hii kitu inakula sikio, yani kama upo kwaya na mwenzako wa sauti ya tatu akitoka kwenye kii wewe wala hushtuki, nunua kibodi upate amani, maana hapa hakuna kitufe wala freti wala waya wa kushika, noti iko hewani na ni sikio lako tu litakalokwambia umeifikia au umeipita.

Inavyofanya kazi uelewe kidogo, utakuja kunishukuru stejini. Ndani kuna saketi mbili zinazotoa mawimbi ya redio, moja haibadiliki, nyingine inabadilika mwili wako ukisogea karibu na antena iliyosimama. Tuseme moja inatetema mara 300,000 kwa sekunde na nyingine 299,560, zote hizo sikio la binadamu halizipati, ila tofauti yake ni 440 na hiyo ndo La inayotoka kwenye spika. Sasa piga hesabu, huko juu kwenye laki tatu kikibadilika kitu kidogo tu, huku chini noti imeshahama nyumba. Ndo maana hata ukivuta pumzi bega likapanda inasikika. Mrusi aliyeigundua, Leon Theremin, karibu na mwaka 1920, alikuwa maabara anatengeneza kifaa cha kupimia gesi, wala hakuwa anawaza bendi.

Mkono wa kulia unashika noti, ukikaribia antena sauti inapanda. Wa kushoto unakaa juu ya ile antena ya pete iliyolala, na huu ndo unaowasumbua watu wote wa kibodi, kwa sababu ukiushusha karibu na pete sauti inakufa na ukiuinua sauti inakuja. Mkono huo usiupuuze. Bila huo kila noti inaburuzika kwenda kwa nyingine unasikika kama king'ora cha ambulensi inapanda Bugando.

Mazoezi. Weka kibodi ishikilie Do moja muda wote, chini chini, wewe tafuta Do ileile hewani mpaka zile sauti mbili ziache kugombana, halafu nenda Sol, rudi. Siku za kwanza fanya hilo tu, inachosha najua. App ya tyuna, ile ya simu inayokuonyesha noti uliyopiga, unaweza kuitumia kuhakiki lakini usipige huku unaiangalia, macho yakishazoea kusoma mshale sikio linalala. Vibrato, ile ya kutetemesha noti, pia iache kwanza, mgeni akishajua kutikisa mkono anaficha humo uongo wake wote. Wimbo wa kuanzia mimi nawapa Wimbo wa Taifa, polepole sana, unaujua tangu darasa la kwanza na ukikosea hata mtoto wa jirani atakucheka dirishani.

Halafu mtafute Clara Rockmore mtandaoni, tazama vidole. Alikuwa mpiga fidla, akaacha kwa matatizo ya mikono, akahamia huku, na alikuwa hasogezi mkono mzima kutafuta kila noti, anaukunja na kuufungua kwa vidole, mkono umetulia pale pale. Noti karibu na antena zinabanana, mbali zinaachana, kwa hiyo ukitegemea kupunga mkono hutafika popote.

Kwenye muziki wa kawaida huu wa redioni kuna kitu kinawadanganya wengi. Mtu anakuja ananiambia nataka nipige kama ile ya bendi ya Beach Boys, Good Vibrations ya 1966. Aisee ile siyo theremini. Ni mashine nyingine, aliyeipiga ni Paul Tanner, mpiga tromboni, anasogeza kishikio na noti zake zimewekewa alama, ndo maana zinatua safi vile. Usijipime na hiyo ukakata tamaa. Ukitaka ya kweli kwenye roki sikiliza Jimmy Page wa Led Zeppelin kwenye Whole Lotta Love ya 1969, pale katikati wimbo unapovurugika, na utaona hata haimbishi melodi, anatoa makelele kwa mpangilio. Hizo ni kazi mbili tofauti na uamue mapema unataka ipi. Kwa maoni yangu kelele utazijua kwa wiki, melodi itakula miaka, na wengi wa bongo fleva wanahitaji hiyo ya kwanza tu, sekunde chache kabla kiitikio hakijarudi, basi. Ukiiweka chini ya muimbaji mwanzo mwisho mnagombania sehemu moja, maana nayo inalia kama mtu. Kwenye taarabu ndo naiona ingekaa vizuri zaidi, zile noti za kuteleza fidla inazifanya kila siku.

Stejini sasa. Theremini haimjui mwenye nayo, kila chenye mwili kikisogea inakihesabu. Harusi moja Nyakato MC alikuwa anatembea nyuma yangu na maiki, kila akikaribia noti inapanda, akirudi inashuka, wageni wakadhani ndo staili. Toka siku hiyo nachora mstari kwa selotepu sakafuni, mita moja na nusu kila upande, na namwambia MC kabla hata ya kusalimiana vizuri. Ukuta wa mabati, stendi za chuma, feni ya kusimama, vyote sogeza mbali. Iwashe mapema ipate joto, halafu simama pale pale utakaposimamia, zungusha nobu ya noti mpaka sauti izame kabisa mkono ukiwa karibu na bega lako. Ukihama hatua moja, rudia.

Na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kumbi nyingi zetu soketi ina tundu tatu lakini waya wa ethi haujafungwa, jenereta ndo usiseme, na theremini isiyo na ethi noti zinayumba ukigusa tu kitu. Mwambie fundi umeme akague, usijichomekee waya mwenyewe gizani.

Kununua: Etherwave ya kampuni ya Moog ni nzuri ila ni ya kuagiza nje na kodi ipo. Open.Theremin ni bodi ya saketi ya kuunganisha mwenyewe, fundi redio mwenye mkono mtulivu anaiunganisha. Vile vidude vya antena moja viacheni, na vinavyofanya kazi kwa mwanga unaozibwa na mkono siyo theremini hata kidogo, vitakufundisha mkono usio wake.

Shoo za ufukweni jioni, Capri Point na kule, theremini uliyoityuni saa kumi jua kali haitakuwa vilevile saa mbili upepo wa ziwa na unyevu ukishaingia. Ongea na bendi wakupe nusu dakika kati ya nyimbo, zungusha nobu, endelea.