Keki ya Ghorofa Haisimami kwa Krimu

Keki ya kwanza ya ghorofa tatu niliyopika kwa ajili ya harusi iliniaibisha baharini, baina ya gati la Lamu na Shela. Nilikuwa nimeipandanisha yote nyumbani tangu usiku na kuipakia botini ikiwa nzima, na kabla hatujafika nusu ya safari nikaona ghorofa ya kati imeinama, krimu imefura ubavuni mwa ile ya chini kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na fondanti, ule utando wa sukari unaoifunika keki, imepasuka ufa mrefu. Nahodha alipunguza mwendo kwa kunihurumia, lakini bahari haikuwa na kosa. Vijiti vinavyochomekwa ndani ya keki ili vibebe ghorofa ya juu yake nilivikata kwa kukisia, na chini ya ghorofa ya kati sikuweka kibao.

Aliyewahi kulala chali katika nyumba ya kale ya Lamu anaijua kanuni hii bila kufundishwa, kwani mawe na chokaa ya sakafu ya juu hubebwa na boriti, na boriti zenyewe hulala juu ya kuta. Katika keki, vijiti ndivyo kuta na kibao ndicho boriti. Keki yenyewe ni chumba tu, haipaswi kubeba kitu.

Kwa hiyo kila ghorofa ikae juu ya kibao chake cha kadibodi ngumu, kilichokatwa sawa na upana wake. Mimi hutumia inchi 12, 9 na 6. Kabla ya kupaka chochote, nasawazisha kila keki kwa kisu cha meno, kisha naipima kwa pimamaji ndogo niliyoazima kwa mjomba wangu ambaye ni mwashi, naye hakuacha kuniuliza, "Mwanangu, wapika au wajenga?" Keki iliyojazwa krimu hutua kwa uzito wake, hivyo naiacha usiku mzima ndani ya friji, juu yake nikiweka kigae chepesi kilichofungwa karatasi safi, ili itue kabla ya kupambwa.

Penye makosa mengi ni vijiti. Juu ya keki ya inchi 12, naweka sahani au sufuria yenye upana wa inchi 9 na kuchora duara kwa ncha ya kijiti cha meno, halafu nachomeka vijiti sita ndani ya duara hilo, inchi moja kutoka ukingoni. Juu ya ile ya inchi 9 vinatosha vinne. Kijiti cha kwanza nakitia mahali keki ilipoinuka zaidi, natia alama ya penseli palipolingana na uso wa keki, nakichomoa, na vingine vyote vya ghorofa ile nakata kwa kipimo hicho kimoja. Ukikata kila kijiti kwa kufuata mabonde ya mahali pake, kibao kitalala mshazari, na huo ndio mwanzo wa kuinama.

Kuhusu joto sina maneno mengi: siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na wakati wa kaskazi jua la alasiri huku kwetu haliko mbali na hapo. Punguza siagi, ongeza mafuta magumu, na safiri asubuhi. Fondanti ikitoka kwenye friji hutoa jasho kwa unyevu wa pwani. Usiiguse wala kuipangusa, iwekee feni ikauke yenyewe.

Siku hizi kila ghorofa husafiri katika boksi lake, nami huzipandanisha ukumbini. Zikishasimama, nashindilia kijiti kirefu kilichochongwa ncha, kutoka juu hadi kibao cha chini kabisa, kikipita katika matundu niliyotoboa mapema kwenye vibao vya kati, na kovu lake nalifunika kwa ua la krimu. Harusini vichochoro ni vyembamba na hamali wana haraka, hivyo boksi la ghorofa ya chini nalibeba mimi mwenyewe, hata nikiwa na buibui jipya.

Kabla sijaondoka, humwita mama wa bibi harusi au yeyote atakayeshika kisu, nikamwambia vijiti ni kumi na kimoja, avihesabu vyote kabla vipande havijagawiwa watoto.