Kumfungia kizimbani mbwa anayeogopa kubaki peke yake

Umeuliza kama kizimba kitamtuliza mbwa anayelia na kukwaruza mlango ukiondoka. Kizimba peke yake hakiondoi hofu. Mbwa mwenye taharuki akifungiwa ghafla huweza kung'ata vyuma hadi avunjike meno au ang'oke kucha. Kwanza acha simu imrekodi dakika 30 za mwanzo ukiwa nje. Akihema sana, akidondosha mate au akisukuma mlango bila kukoma, tafadhali usimfungie. Mwachie chumba kimoja salama.

Akiwa mtulivu, mlishe ndani ya kizimba mlango ukiwa wazi kwa siku kadhaa. Kisha funga sekunde 5, halafu 30, halafu dakika 2, nawe ukiwa chumbani. Ndipo uanze kutoka. Wengi huharibu hapa: wanaruka kutoka dakika 5 hadi saa nzima, na kazi yote inaanza upya. Akilia, kesho punguza muda. Kipindi chote hicho mtafutie mtu wa kukaa naye.

Mvue mkanda wa shingoni kila anapoingia, maana ukinasa kwenye waya unaweza kumnyonga. Hali ikiwa mbaya, mwone daktari wa mifugo. Zipo dawa zinazosaidia mafunzo yashike.