Waya Mmoja Uliokwamisha Maabara Nzima

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tororo. Katika maabara yetu ya kompyuta nimezoea kuhamisha waya kutoka tundu moja la swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta zetu, hadi jingine, na kazi huendelea bila mimi kurekebisha chochote. Wiki iliyopita mwanafunzi aliyekuwa akifagia aliona ncha ya waya ikining'inia, akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo. Taa zote zikameta kwa kasi, mtandao ukakwama. Je, swichi imeungua?

JIBU: Ndugu Mwalimu, haikuungua. Mambo yote mawili uliyoyaona yana asili moja: swichi huamini mahali ilipomwona mtumaji mara ya mwisho.

Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani ya MAC, yaani namba yake ya utambulisho, yenye biti 48. Fremu, yaani kifurushi cha data, inapoingia, swichi husoma kwanza anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba mwenye anwani hiyo yuko kwenye tundu fulani. Ndipo husoma anwani ya mpokeaji, na ikiwa inaijua huipeleka fremu kwenye tundu lake pekee, isipoijua huitawanya kwenye matundu yote isipokuwa lile ilimoingilia. Ndiyo maana ukihamisha kompyuta kutoka tundu la 3 hadi la 11, fremu ya kwanza itakayotumwa nayo hurekebisha jedwali papo hapo. Kompyuta ikinyamaza, kwa kawaida kwa sekunde 300, anwani yake hufutwa.

Siku ile ya ufagio, kompyuta mojawapo ilituma tangazo la wote, yaani fremu inayolengwa kwa kompyuta zote, ambalo swichi hulazimika kulitawanya. Nakala zilitoka kwa ncha moja ya waya, zikarudi kwa ya pili, zikatawanywa tena. Na kwa kuwa fremu ya Ethaneti, mfumo wa mtandao wa waya kama wenu, haina hesabu ya kuikomesha safari yake, huzunguka mpaka waya uchomolewe. Baya zaidi, kila nakala iliyorudi ilibeba anwani ya mtumaji yule yule, basi swichi ikaandika kwamba kompyuta hiyo iko, tuseme, tundu la 7 lenye ncha moja ya waya, mara la 8 lenye ncha ya pili, hata majibu yake yakapotelea kwenye mzunguko huo.

Mwaka 1985 Radia Perlman wa Marekani alibuni kanuni ya STP, ambayo hugundua mzunguko wa namna hii na kulifunga tundu moja. Swichi nyingi za bei nafuu hazina kanuni hiyo, kwa hiyo mtakaponunua nyingine iulizieni dukani. Kwa sasa, waya usiotumika uchomoe ncha zote mbili.